Malalamiko Dhidi ya Boksi Lililojifanya Mtambo

Kwa Ndugu Mhariri,
Ukurasa wa "Siku Nilipokutana na Nyota",
Gazeti la Vipindi vya Televisheni.

Alhamisi, saa za kazi

YAH: MTAMBO WA KUPOZEA WA CHOMBO "SHUPAVU", NA MADHARA YALIYOLIPATA PAJI LANGU LA USO

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kusoma barua za watu usiowajua. Natumai u mzima wa afya. Kama ofisini kwenu kuna friji, natumai nayo inanguruma kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, maana hiyo ndiyo afya yake.

Katika toleo la mwezi uliopita mliwaomba wasomaji waliowahi kukutana na waigizaji wa tamthilia ya angani, Ng'ambo ya Mwezi, walete kumbukumbu zao kwa maneno mia mbili. Nimezisoma zote mlizochapisha. Yupo mkunga aliyeshikwa mkono na Kapteni wa chombo mbele ya duka la viatu, akakusudia kutounawa mkono ule wiki nzima, mpaka wajawazito wakaandika malalamiko. Yupo dereva wa lori aliyempa lifti Malkia wa Sayari ya Pili, yule mwenye macho matatu, akagundua njiani kwamba mama wa watu ana macho mawili tu na yote yanahitaji miwani. Na yupo mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya mtaani kwetu, ambaye ndiye mwenyekiti wa klabu yetu ya mashabiki. Huyu ameandika kwamba siku aliyotutembelea Mhandisi Mkuu "ilikuwa siku ya furaha tupu kwa kila aliyehudhuria".

Mimi nilihudhuria. Naomba nafasi ya kusahihisha, na naomba radhi mapema kwamba maneno mia mbili hayatanitosha.

Mimi ni fundi wa friji. Karakana yangu iko nyuma ya duka la dawa, chumba kimoja chenye mlango wa bati, na ukitaka kuingia lazima upite ubavu-ubavu kati ya friji mbili zilizokufa na moja inayojikongoja. Kwa miaka kumi na tisa mtaa mzima umeniita Fundi Paji. Tangu wiki tatu zilizopita wananiita Fundi Boksi.

Kwa faida ya wasomaji wasioifuata tamthilia hii (sijui wanaishi vipi), nieleze kidogo. Chombo kiitwacho Shupavu kilisafiri angani kwa misimu kumi na mmoja. Ndani yake mlikuwa na mtambo wa kupozea, mrefu kama kabati la nguo, wa rangi ya fedha. Kila mtambo ulipoleta matatizo, yaani kila Alhamisi, Mhandisi Mkuu hakushika kifaa chochote. Alipiga goti, akaegemeza paji la uso ubavuni mwa mtambo, akafumba macho, akasema kwa upole: "Sema, mama, nakusikia." Kisha akanyamaza. Kapteni alinyamaza, abiria walinyamaza, na sebule nzima ya jirani tulimotazamia ilinyamaza. Halafu akainuka na kutaja ugonjwa ulipo, na hakukosea hata siku moja.

Mimi nilipoanza ufundi nilikuwa na bisibisi moja, koleo, na televisheni ya jirani. Friji ya kwanza niliyoitiwa ilinishinda mbele ya mwenyewe. Nikaona aibu kusema sijui, nikapiga goti, nikaweka paji, nikafumba macho, nikasema yale maneno kwa sauti ya chini ili mwenye nyumba asisikie. Na nikasikia, Ndugu Mhariri. Nilisikia feni inakwangua kitu chepesi. Nikafungua nyuma, nikakuta karatasi ya kalenda imenasa, ya mwezi wa tatu.

Tangu siku ile sikuwa na njia nyingine. Kompresa iliyochoka huniambia kwa mguno wa kifuani. Gesi ikipungua husikika kama mtu anayekunywa chai ya moto kwa pupa. Themostati ikifa, friji hukaa kimya cha mtu aliyenuna, na kimya hicho nakijua hata nikiwa mlangoni. Nina sugu katikati ya paji, nyeusi na laini. Wageni hudhani ni alama ya sijda, na wako waliowahi kuniomba niwaombee dua kabla ya safari. Sikuwakatalia, lakini ukweli ni kwamba ni sugu ya friji.

Hata ndoa yangu imesimama juu ya paji hili. Nilipokwenda kumposa mke wangu, mama yake alisema hawezi kumtoa binti yake kwa fundi mwenye bisibisi moja. Mchana ule ule friji yake ikazimika, na ndani mna maziwa ya wageni. Nikaenda jikoni, nikapiga goti, nikaweka paji. Mama mkwe alipoingia alimwona kijana amepiga magoti, ameinamisha kichwa, amefumba macho, anasema "mama, nakusikia". Akadhani nailia posa. Friji ilipowaka yeye alikuwa ameshakubali, na mimi sikuona sababu ya kumfafanulia.

Sasa niingie kwenye siku yenyewe.

Kwenye barabara kuu ya mji wetu lilifunguliwa duka jipya la friji na mashine za kufulia. Mwenye duka akamwalika mwigizaji wa Mhandisi Mkuu aje kukata utepe. Klabu yetu ina wanachama kumi na mmoja, na wote tulifika mapema, tumevaa fulana za rangi ya fedha alizotushonea mke wangu. Nilimleta mama mkwe kama shahidi. Nilibeba kompresa ya ile friji yangu ya kwanza ndani ya mfuko, ili mgeni aitie saini.

Alikuja. Ni mzee sasa, mpole, anatembea kwa kandambili kwa sababu ya vidole vinavyomuuma. Alimsalimia kila mtu kana kwamba sisi ndio nyota na yeye ndiye aliyepanga foleni. Zamu yangu ilipofika nilimwamkia, nikamuuliza swali nililolitunza miaka kumi na tisa: mzee wangu, ulipoweka paji kwenye mtambo, ulikuwa unasikiliza nini hasa, mtetemo au joto?

Akacheka. Sidai kwamba alicheka kwa dharau. Kisha akasema, mbele ya mama mkwe, mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya mwenye bucha, na kipaza sauti cha mwenye duka kikiwa kidevuni mwake: "Kusikiliza tena? Mwanangu, lile lilikuwa boksi. Boksi la kadibodi, tumelipaka rangi. Sakafu ya studio ilikuwa imebonyea, basi kila tukianza kupiga picha boksi linataka kuanguka. Mwongozaji akaniambia, mzee, lishikilie kwa kichwa, mikono itaonekana."

Nikamuuliza, na macho je? Akasema rangi ilikuwa inamwasha.

Watu walicheka hadi mmoja akauegemea utepe, ukakatika kabla ya mkasi. Mimi nilibaki nimesimama na kompresa mkononi, kilo tisa za chuma, na sikujua niiweke wapi.

Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya yafuatayo, na naomba uyapeleke kwa Mkurugenzi wa kituo kilichotengeneza tamthilia, maana ninyi mnaonana.

1. Kwamba boksi lilijifanya mtambo. Sina ugomvi na maboksi kwa ujumla. Vipuri vyangu vyote huja ndani ya maboksi, na hakuna hata moja lililowahi kuniambia kwamba lenyewe ndilo kipuri. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa, nasi tulipokiona chombo Shupavu kikielea tukaamini kimeundwa. Hatukuambiwa kimeundwa na nini. Nilipomdadisi zaidi yule mzee, alisema boksi lenyewe lilikuwa la friji. Mpaka leo sijaamua kama jambo hilo linapunguza kosa au linaliongeza.

2. Kwamba ukweli ulitolewa kwa kipaza sauti. Ziko kweli za kusemwa hadharani na ziko za kumvuta mtu pembeni. Kesho yake nilikwenda kwenye bucha kuangalia friza, na mwenye bucha, mtu niliyemtunzia nyama yake miaka kumi na miwili, akaniuliza mbele ya wateja: "Fundi, leo umekuja na boksi lako, au tukutafutie la kwetu?" Mfamasia, ambaye nyuma ya duka lake ndiko ninakofanyia kazi, amebandika karatasi kwenye friji ya dawa, mahali pale pale ninapoweka paji. Karatasi inasema TAFADHALI TUMIA MITA. Yeye ni muungwana, ndiyo maana aliandika tafadhali. Na mwalimu mkuu, aliyewaandikia ninyi habari za furaha tupu, ameitisha kikao cha klabu kujadili kama kiapo chetu cha uanachama, ambacho husomwa paji likiwa limegusa televisheni, kiendelee au kisitishwe. Kura zililingana, tano kwa tano. Mimi sikupiga.

3. Kwamba tangu siku ile sisikii. Hili ndilo zito, Ndugu Mhariri, na naomba usilifanyie mzaha kwenye kichwa cha habari. Nikiweka paji kwenye friji sasa hivi, sisikii kompresa, sisikii gesi, sisikii feni. Nasikia mtu mzima anacheka, na baada ya hapo nasikia mwenyewe ninavyojiuliza kama katika miaka yote hiyo nilisikia kitu au nilibahatisha. Mke wangu ameniambia kwa wema nitumie mita kama mafundi wengine. Ninayo mita. Inanipa namba. Friza ya bucha ilinipa namba nzuri kabisa, na usiku huo huo nyama ikaharibika. Siku iliyofuata nilikwenda nyuma ya friji zangu mbili zilizokufa, nikalia. Ni mahali pazuri pa kulilia, maana mtu akikukuta hudhani umeangusha bisibisi.

4. Kwamba jambo hili limefika kwa mama mkwe. Tuliporudi kutoka dukani siku ile, mlangoni kwake akasema, bila hasira, kama mtu anayesoma tangazo ukutani: "Kumbe mwanangu nilimwoza kwa boksi." Wiki hiyo alisogeza friji yake peke yake ili afagie nyuma, na tangu aliporudisha imeanza kunguruma na kutikisika kiasi kwamba vikombe vilivyo juu yake vinatembea. Nimejitolea kuiangalia mara tatu. Mara tatu amenijibu: "Usijisumbue, mkwe wangu." Mama mkwe akikuambia usijisumbue, ujue umeshakuwa usumbufu. Amemwita fundi wa lile duka jipya, kijana mwenye kompyuta, aje Jumamosi hii. Nimeingia katika familia ile kupitia friji hiyo. Kijana huyo akiigusa, nitabaki mkwe wa kukaribishwa sebuleni na kupewa chai, na hakuna atakayeniita jikoni tena.

5. Kwamba nilipewa zawadi ya kunidhihaki. Kalamu ya yule mzee ilikataa kuandika kwenye kompresa kwa sababu ya mafuta. Aliponiona uso umenishuka, akapekua mkoba wake, akatoa kipande cha kadibodi ukubwa wa kiganja, kimekunjwa mara mbili, kinene kama kidole, kimepakwa rangi ya fedha upande mmoja. Akaandika juu yake "Kwa fundi mwenzangu", akatia saini. Akanieleza kwamba kuanzia msimu wa pili mafundi wa studio waliweka kipande hicho chini ya kona ya boksi, likasimama lenyewe imara, na yeye alikihifadhi tamthilia ilipokwisha. "Chukua, mwanangu," akasema, "huenda kikakusaidia." Nilikwenda na chuma, nikarudi na karatasi. Nimekitia mfuko wa shati la kazi kwa sababu kukitupa kungekuwa utovu wa adabu kwa mtu mzima, si kwa sababu nyingine.

6. Kwamba yupo mchochezi ambaye hajatajwa. Msomaji makini ameshang'amua: ikiwa boksi lilisimama lenyewe tangu msimu wa pili, paji la mzee lilikuwa likifanya nini pale kwa misimu kumi iliyobaki? Nilimuuliza hivyo hivyo. Alisema mwishoni mwa msimu wa kwanza ilifika barua ya shabiki mmoja, kurasa nne mbele na nyuma, kuhusu lile paji tu. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba mwongozaji aliwasomea wote studioni. Aliyekuwa anashika taa alitokwa na machozi, na wakakubaliana kwamba paji lisiachwe kamwe. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kuna mtu mmoja huko aliko, anakula na kulala, ambaye kwa kalamu yake amenipotosha mimi na taifa la watazamaji. Naomba kituo kimtafute, kimtaje jina, kimwite ajieleze. Mtu anayeandika kurasa nne kuhusu paji la mwanamume mwenzake ana lake jambo. Mimi mwenyewe niliwahi kuandikia kituo kile barua nyingi enzi hizo na sikujibiwa hata moja, kwa hiyo najiuliza huyu alikuwa na mjomba gani ndani.

7. Kwamba tatizo huenda ni kubwa kuliko tunavyojua. Kama mtambo ulikuwa boksi, je, usukani? Je, mlango aliotokea Kapteni kwenda kutembea angani? Dada yake mke wangu ni muuguzi, na amekiri kwamba namna yake ya kumtuliza mgonjwa, ile ya kumshika bega na kutazama mbali, aliichukua kwa Daktari wa Chombo. Fundi cherehani wa pale sokoni hukata vitambaa bila kupima, kama Malkia alivyokata utepe wa muda. Mji huu umejengwa juu ya Ng'ambo ya Mwezi, na chini ya Ng'ambo ya Mwezi kuna boksi.

Kutokana na hayo, naomba mambo machache yasiyo makubwa.

Kwanza, mzee aje mtaani kwetu na kipaza sauti kile kile, aseme kwamba alikuwa akitania. Si lazima iwe kweli. Ameigiza misimu kumi na mmoja bila tatizo, dakika mbili zaidi hazitamuumiza.

Pili, misimu yote irekodiwe upya kwa mtambo wa kweli. Niko tayari kutoa kompresa yangu, na nitaileta mwenyewe kwa mkono.

Tatu, kuanzia sasa mwigizaji asiruhusiwe kuigiza ufundi wowote mpaka amekaa miaka miwili chini ya fundi wa kazi hiyo na kufanya mtihani wa vitendo. Daktari wa Chombo akakae na yule mkunga, ambaye mikono yake sasa ni safi. Kapteni apewe chombo kidogo kwanza, cha watu wanne, tumwone. Malkia wa Sayari ya Pili ama atafute jicho la tatu ama arudishe kiti.

Nne, kila boksi litakaloonekana kwenye televisheni liandikwe MIMI NI BOKSI kwa herufi zinazosomeka na mtu aliyekaa nyuma kabisa kwa jirani.

Tano, hadi hayo yatakapotekelezwa, itangazwe rasmi kwamba chombo Shupavu hakijawahi kuondoka. Abiria wote mia nne wajulishwe mmoja mmoja, kwa upole, na wasaidiwe kushuka.

Naomba majibu kabla ya Jumamosi asubuhi. Najua gazeti lenu hutoka mara moja kwa mwezi, lakini mama mkwe naye ana ratiba yake.

Nisalimie wote hapo ofisini, kuanzia anayepokea barua hadi anayezitupa. Msalimie Mkurugenzi wa kituo nitakapokuwa nimemsamehe. Msalimie mshika taa aliyetokwa na machozi, maana yeye peke yake katika mkasa huu ana moyo. Mke wangu anawasalimu, anasema fulana za fedha zimebaki mbili za saizi kubwa. Mwalimu mkuu simsalimii, tunaonana kila siku.

Wako mwenye goti chini na kichwa kitupu,

Fundi Paji
(wengine watakuambia Fundi Boksi, posta watanipata kwa majina yote mawili)

Nyongeza baada ya saini, Jumamosi jioni:

Ndugu Mhariri, barua hii nilikuwa sijaitia stempu, na ni bahati yangu. Naomba uisome upya ukiwa na kalamu nyekundu.

Asubuhi kijana wa kompyuta alifika kwa mama mkwe. Alichomeka nyaya zake, kompyuta ikasema friji haina ugonjwa wowote. Akasema basi ni uzee, na dukani kwao ziko mpya. Mama mkwe alimsindikiza hadi mlangoni kwa adabu ile ile aliyokuwa akinitumia mimi wiki tatu hizi, nikamwonea huruma kijana wa watu. Halafu akanitumia ujumbe kupitia mke wangu: "Mwambie mkwe wangu aje. Aje na hicho kichwa chake."

Nilikwenda. Nikapiga goti pale pale nilipopiga siku ya posa. Sikuwa na tumaini, nilikuwa na woga tu. Nikaweka paji, nikafumba macho, nikasema, "Sema, mama, nakusikia." Kwanza alikuja yule mzee na kicheko chake. Nikamwacha acheke. Alipomaliza, chini ya mngurumo nikasikia kitu kidogo, to, to, to, hakitoki kwenye kompresa wala feni. Kilitoka sakafuni. Nikalala kifudifudi nikaangalia. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa hewani. Aliposogeza friji kufagia, mama mkwe aliirudisha juu ya kona ambayo sakafu imebonyea.

Nilihitaji kitu kinene kama kidole. Nikajipapasa. Kwenye mfuko wa shati kilikuwamo kitu kimoja tu.

Nilikisukuma chini ya mguu, upande wa rangi juu. Friji ikatulia, ikanguruma kwa sauti moja. Mke wangu alinyamaza, mama mkwe alinyamaza, vikombe vilisimama. Kisha mama mkwe akasema, "Kumbe na boksi nalo lina kazi," akaenda kuniwekea chai. Aliniwekea jikoni.

Kwa hiyo namba 1 ifutwe, na boksi liombwe radhi. Namba 2 naisamehe. Mfamasia ameshabandua karatasi, ameacha neno TAFADHALI tu. Namba 3 si kweli tena. Namba 4 imekwisha kama ulivyosoma. Namba 5 niliandika kwa ujinga. Namba 7 nayo ifutwe. Misimu isirekodiwe upya, na abiria wakae walipo.

Kuhusu namba 6, huyo shabiki msimtafute. Jioni hii mke wangu ameshusha kopo la makaratasi yangu ya zamani, akaniwekea mezani nakala ya barua, kurasa nne mbele na nyuma, tarehe ya mwaka ule, mwandiko wangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine kina hata nakala. Nilikuwa nimeandika nyingi, ile nikaisahau kwa sababu haikujibiwa. Kumbe ilijibiwa kila Alhamisi kwa misimu kumi.

Kama kimebaki kipande chochote cha boksi lile, mnitumie. Friji ya mfamasia nayo imeinama.

Na kama nafasi ni ya maneno mia mbili tu, acha yote hayo, chapisha hili: Nilikutana na Mhandisi Mkuu mbele ya duka la friji. Ilikuwa siku ya furaha tupu kwa kila aliyehudhuria.